Fremu Ndefu ya Misumari: Kufuma Blanketi la Mtoto kwa Vitu vya Gulioni

Kiangazi kikiingia mwezi Juni, asubuhi za Nyamahanga na za vilima vya Ngara huwa na baridi ya kuuma, na hali hiyo huendelea hadi Agosti. Mchana jua linachoma, lakini alfajiri watoto wanakwenda shule wamejikunyata. Dawa yetu ya kila mwaka ni moja: kuchambua fungu la mitumba mpaka ipatikane sweta isiyotoboka sana, na mtoto mchanga anafungwa kanga mbili. Nataka kukuonyesha njia nyingine, ambayo haiachani na mitumba bali inaitumia vizuri zaidi. Ukiwa na mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, nusu kilo ya misumari, spoku moja ya baiskeli na sweta chakavu mbili tatu, unaweza kufuma blanketi zito la mtoto, na kwa uzi mpya kidogo kofia yake, bila kugusa sindano ya kufumia.

Kifaa chenyewe ni fremu ndefu: mbao mbili nyembamba zimelazwa sambamba, kati yake kuna mwanya, na juu ya kila ubao misumari imesimama kwa mstari. Uzi unazungushwa kwenye misumari, kitanzi cha chini kinavushwa juu ya kitanzi cha juu, na kitambaa kinateremka taratibu kupitia mwanya. Wazo la kukipa kila kitanzi mahali pake pa kusimama ni la zamani. Mwaka 1589, huko Uingereza, William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi ambayo kila kitanzi kilikuwa na ndoano yake, na mashine zinazofuma sweta za shule mpaka leo zinafanya kazi kwa msingi huohuo. Sisi tunatumia msumari badala ya ndoano, na mkono badala ya mtambo.

Naipenda fremu kuliko sindano kwa sababu inavumilia maisha ya nyumbani. Sindano ukiiweka chini ghafla kwa sababu maharage yanaungua, vitanzi vinachomoka na kazi inafumuka. Kwenye fremu kila kitanzi kimekaa kwenye msumari wake; unaondoka, unarudi jioni, unakuta kazi iko palepale ulipoiacha. Bibi mwenye vidole vilivyokakamaa anaiweza. Mtu ambaye macho yake yamepungua nguvu anaweza kuhesabu misumari kwa kupapasa. Mtoto wa darasa la nne naye anajifunza kwa haraka.

Nikuambie mapema kisichowezekana. Kitambaa cha fremu hii kina nyuso mbili na ni kinene, kwa hiyo kinafaa kwa blanketi, skafu, shali ya mabegani na kitambaa cha kukalia. Sweta ya shule usiihangaikie hapa. Mpelekee fundi mwenye mashine.

Kutengeneza fremu

Mwombe seremala mbao mbili zilizopigwa randa, kila moja ya urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2.5. Mara nyingi vipande vya namna hii viko pembeni ya karakana vikisubiri kuwa kuni. Muhimu kuliko aina ya mti ni ukavu wake. Ubao mbichi utajikunja baada ya wiki chache, na mstari wa misumari ukipinda, mwanya utakuwa mpana katikati na mwembamba kwenye ncha, na blanketi litatoka na kiuno. Paina ni laini na misumari inaingia bila shida, ila hulegea mapema. Mkaratusi hupasuka. Mgrivilea, ambao wengi wameupanda kando ya mashamba ya kahawa na migomba, ni wa wastani na ndio ningeuchagua. Ukipata mabaki ya mninga yachukue, lakini hayo ni lazima yatobolewe kwa keekee au drili kabla ya kupigiliwa misumari.

Misumari iwe ya inchi moja na nusu, iliyo myembamba kadiri unavyoweza kuipata, na yenye kichwa kidogo. Kichwa kikubwa kitakukera kila unapoinua kitanzi. Ikague mmoja mmoja: wenye ukingo mkali chini ya kichwa usugue kwa tupa au kwenye jiwe la kunolea, maana ukingo huo utachana uzi.

Sasa kwenye vipimo, na hapa usikimbilie. Chora mstari mnyoofu kwenye kila ubao, nusu sentimita kutoka kwenye ukingo utakaoelekea kwenye mwanya. Acha kama sentimita 5 kila ncha, kisha weka alama kila baada ya sentimita moja mpaka zitimie alama 90. Usisogeze rula kutoka alama hadi alama, kwa sababu kosa la milimita moja likirudiwa mara 90 linakuwa sentimita 9. Laza futikamba kwa urefu wote wa ubao na uweke alama zote bila kuiinua. Kisha zilaze mbao zote mbili ubavu kwa ubavu, uhakikishe alama zinatazamana.

Ili ubao usipasuke, geuza kila msumari na uigonge ncha yake kidogo kwa nyundo kabla ya kuupigilia. Ncha iliyobutuka inasaga njia yake ndani ya mti, ncha kali inausukuma mti pande mbili na kuupasua. Halafu tafuta kipande cha mbao chenye unene wa sentimita moja na nusu, ukisimamishe kando ya msumari na upigilie mpaka kichwa kilingane na kipande hicho. Fanya hivyo kwa misumari yote 180 na yote itakuwa na kimo kimoja. Msumari mrefu kuliko wenzake hutoa kitanzi kikubwa, na mstari huo utaonekana kwenye blanketi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Piga msasa mbao zote, hasa kingo za mwanya ambako kitambaa kitakuwa kikipita. Jaribu kwa kupitisha pamba juu ya mti: ikinasa, rudia msasa. Usipake vanishi ambayo haijakauka kabisa, na usipake mafuta ya gari, kwa kuwa kazi hii inakwenda kwenye ngozi ya mtoto.

Kuunganisha ni rahisi. Katikati ya mbao mbili, kwenye kila ncha, weka kipande cha mti chenye unene wa sentimita moja ili mwanya uwe wa sentimita moja. Chini yake pitisha kipande kingine kinachokamata mbao zote mbili, ukifunge kwa skrubu. Nasema skrubu, si misumari, kwa sababu siku ukitaka mwanya mpana zaidi kwa kitambaa kilicholegea utafungua, utabadilisha vipande vya kati, na utafunga tena. Ukipunguza mwanya chini ya sentimita moja kitambaa kinene kitakwama.

Kilichobaki ni ndoano. Mwombe fundi baiskeli spoku moja ya zamani, uikate kwa urefu wa sentimita 15. Ncha moja ikunjwe kidogo, kiasi cha kuingia chini ya kitanzi, kisha isuguliwe mpaka ikigusa shavu lako isikwaruze. Ncha ya pili ichomekwe kwenye kipande cha mti kiwe mpini. Utahitaji pia kroshia ya kawaida ya kumalizia kazi. Nyumba nyingi zenye vitambaa vya makochi vya kufuma zinayo, azima.

Uzi

Dukani kuna uzi wa akriliki wa rangi zote, na kwa kofia ya mtoto mchanga nakushauri ununue huo, kwa sababu ni mpya na laini. Kwa blanketi, bei ya uzi mpya inaweza kuumiza: kitambaa cha nyuso mbili kinakula uzi karibu mara mbili ya kitambaa cha sindano chenye ukubwa uleule. Hapo ndipo fungu la mitumba linapokuwa mali.

Usichague sweta kwa rangi, igeuze ndani kwanza. Tazama mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa nyuzi nyembamba za cherehani ya kufungia kingo, iache. Sweta hiyo ilikatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa, na ukiifumua kila mstari utatoka kipande, ukijaza meza vipande visivyo na kazi. Unayoitafuta ni ile ambayo kingo zake ni nzima, kila kipande kimefumwa kwa umbo lake, kisha vimeshonwa pamoja kwa uzi mmoja. Hiyo itafumuka uzi mrefu usiokatika. Iache pia sweta yenye manyoya mengi, na ile ya sufu iliyofuliwa vibaya mpaka ikashikana, kwa maana vitanzi vyake haviachiani. Mwisho vuta uzi mmoja unaoning'inia: ukikatika kwa mvuto mdogo, utakatika pia kwenye fremu.

Nyumbani fungua mishono kwa wembe, kwa subira, mpaka uwe na vipande vinne: mbele, nyuma na mikono miwili. Sweta nyingi hufumwa kuanzia pindo la chini kwenda juu, kwa hiyo kufumua huanzia shingoni na mabegani. Ukianzia chini utapambana na vifundo. Zungusha uzi unaotoka kwenye mgongo wa kiti, na ukifika mwisho funga shada hilo mahali pane kwa uzi mwingine ili lisivurugike. Uzi utakuwa umejikunja vibaya, na ukiufuma hivyo kitambaa kitakuwa na mabonde. Loweka mashada kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, suuza bila kusugua, kisha tundika kivulini na uning'inize chupa ndogo ya maji kwenye kila shada. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Kabla ya kufika hapo unapaswa kujua ni uzi wa nini, kwa sababu lebo mara nyingi imekatwa. Chukua kipande kifupi, ukishike kwa koleo au kibanio, ukichome nje mbali na vitu vinavyoshika moto. Sufu itanuka kama nywele zinazoungua na itabaki majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki itayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Pamba itanuka kama karatasi. Hii si elimu ya kujifurahisha tu: akriliki ikishika moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi, na nyumba zetu nyingi bado zinapikia kwenye mafiga. Blanketi la akriliki libaki kitandani, lisimfuate mtoto jikoni.

Kwa misumari ya sentimita moja, uzi mmoja wa sweta ya kiwandani ni mwembamba mno. Shika nyuzi mbili au tatu kwa pamoja kana kwamba ni mmoja. Ili kujua kama unene unatosha, zungusha nyuzi hizo kwenye rula mara 10, zikae bega kwa bega bila kubanana. Zikifunika kati ya sentimita 3 na 4, unene unafaa. Zikifunika pungufu ya hapo, ongeza uzi mmoja.

Sampuli kabla ya blanketi

Najua utatamani kuanza blanketi moja kwa moja. Anza na kipande cha misumari 20 na mistari 20. Ndicho kitakachokuonyesha ukubwa halisi, kwa sababu kitambaa kikitoka kwenye fremu hujivuta na kuwa chembamba kuliko mstari wa misumari. Namna ya kufuma ni ileile utakayotumia kwenye blanketi.

Funga fundo la kitanzi kwenye msumari wa kwanza wa ubao wa mbali. Vusha uzi kwenda ubao wa karibu, uuzungushe nyuma ya msumari wa pili, rudi ubao wa mbali uuzungushe nyuma ya msumari wa tatu, na kuendelea, ukivuka mwanya kila mara na kuruka msumari mmoja, kama mtu anayepitisha kamba kwenye matundu ya kiatu. Ukifika mwisho zungushia misumari miwili ya mwisho inayotazamana, kisha rudi ulikotoka ukizungushia ile uliyoiruka. Ukirudi mwanzoni kila msumari wa pande zote mbili uwe na uzi mara moja tu. Ukiuona msumari mtupu, usiendelee. Fumua urudi ulipoukosea.

Sasa chukua kipande cha uzi laini wa rangi tofauti, kirefu kuliko kazi yako. Kilaze juu ya nyuzi zinazovuka mwanya, kutoka ncha hadi ncha, na miisho yake uiteremshe chini kupitia mwanya. Huu ni uzi wa kushikilia. Utabana mwanzo wa kitambaa usifumuke, na mwishoni utaondolewa.

Zungusha tena kwa njia ileile, kwenda na kurudi, mpaka kila msumari uwe na vitanzi viwili. Tia ndoano ya spoku chini ya kitanzi cha chini, kinyanyue, kivushe juu ya kitanzi cha juu na juu ya kichwa cha msumari, kiachie kiangukie upande wa mwanya. Fanya hivyo kwa ubao mmoja wote, kisha geuza fremu ufanye ubao wa pili. Huo ni mstari mmoja. Mstari unaofuata anza kunyanyua kwa ubao ule mwingine, na ubadilishane hivyo daima, la sivyo uso mmoja wa kitambaa utakaza kuliko mwenzake. Baada ya mistari mitatu au minne vuta miisho ya uzi wa kushikilia kuelekea chini, polepole, ukisukuma kitambaa kwa vidole.

Kosa linalowarudisha wengi nyuma ni kuvuta uzi. Ulaze tu. Uzi ukikazwa kwenye misumari, ndoano inapigana na kila kitanzi, vidole vinauma, na jirani uliyemfundisha anasema kazi hii haiwezi. Uzi uliolazwa unanyanyuka kwa mguso mmoja. Usiogope kwamba kitambaa kitakuwa na matundu. Mstari unaofuata huvuta ulio chini yake na kuusawazisha.

Ukimaliza mistari 20, itoe sampuli (nitaeleza hapa chini namna ya kufunga), ifue, ikauke ikiwa imelazwa, ndipo upime. Tuseme upana ni sentimita 16. Gawa 16 kwa 20: kila msumari unatoa sentimita 0.8. Ukitaka blanketi la upana wa sentimita 70, gawa 70 kwa 0.8 upate 87.5, kwa hiyo tumia misumari 88 kila upande. Fremu yako ya misumari 90 inatosha. Na kama mistari 20 imetoa urefu wa sentimita 12, kila mstari ni sentimita 0.6, na blanketi la urefu wa sentimita 80 linahitaji mistari 133 au 134. Namba zako zitatofautiana na hizi kulingana na uzi na mkono wako. Ziandike kwenye daftari pamoja na kipande cha uzi uliotumia.

Blanketi lenyewe

Kwa kuwa uzi wa mitumba haupatikani rangi moja kwa wingi, panga michirizi tangu mwanzo. Pima mashada yako kwenye mizani ya duka na ujue lipi kubwa. Rangi yenye uzi mwingi iwe ndiyo ya mwanzo na ya mwisho, nyingine ziingie katikati. Kina mama waliokua wakisuka vikapu na mikeka ya mafunjo wana jicho la mpangilio huu, na ukiwa na mmoja karibu mwachie apange yeye.

Badilisha rangi au unga uzi mwanzoni mwa mstari tu, kwenye ukingo. Acha mkia wa sentimita 15 pande zote mbili za fundo. Kwa kuwa kitambaa kina nyuso mbili, mikia hiyo utaiingiza katikati kwa sindano kubwa na haitaonekana kamwe. Hilo ni jambo ambalo kitambaa cha kawaida cha sindano hakikupi. Fundo likikaa katikati ya blanketi litamchoma mtoto mgongoni.

Kitanzi kikichomoka, usifumue kazi yote. Kinase kwa kroshia, na kama kimeshuka mistari kadhaa kipandishe mstari kwa mstari, ukivuta kila uzi uliolala mbele yake kupitia ndani yake, mpaka ukirudishe kwenye msumari. Kingo zikionekana legelege kuliko katikati, tatizo liko kwenye misumari ya ncha: kila unapogeuka, bana uzi kidogo hapo, na hapo pekee.

Kufunga hufanywa kwa kroshia. Anzia ncha iliyo mbali na mkia wa uzi. Toa kitanzi cha kwanza cha ubao wa mbali ukiweke kwenye kroshia, toa kinachotazamana nacho upande wa karibu, kisha uvute hicho cha pili kupitia ndani ya kile cha kwanza. Rudi ubao wa mbali, toa kinachofuata, kivute kupitia kilichobaki kwenye kroshia, halafu wa karibu, na kuendelea kwa kupokezana mpaka mwisho. Kata uzi, upitishe kwenye kitanzi cha mwisho, ukaze. Hapa pia usivute sana, au ukingo wa juu utakuwa mfupi kuliko wa chini. Kisha geukia ulikoanzia: vitanzi vilivyoshikwa na ule uzi wa rangi tofauti navyo vifungwe kwa kroshia vilevile, kimoja baada ya kingine, ndipo uuchomoe uzi wa kushikilia. Ukiuchomoa kabla ya kufunga, mwanzo wote unafumuka.

Kofia ya mtoto mchanga

Kama unafuma kitu kimoja tu maishani, fuma hiki. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani, na kwa mtoto njiti hilo ni jambo la uhai. Njia ya kumweka njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 hospitalini ambako vifaa vya kuwapasha joto watoto havikutosha, na leo inatumika katika hospitali zetu pia. Mtoto hufungwa kifuani akiwa na nepi, soksi na kofia. Shirika la Afya Duniani huhesabu mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 kuwa na uzito pungufu, na wengi wa hao kofia za dukani zinawapwaya, zinashuka machoni.

Kofia inafumwa kwenye fremu ileile lakini kwa mzunguko, hivyo inatoka mfuko wa uso mmoja. Usivuke mwanya kwa kurukaruka. Uzungushie kila msumari wa ubao mmoja uzi kwa duara kamili, mmoja baada ya mwingine, ukifika mwisho vuka uendelee na ubao wa pili kurudi ulikoanzia. Zungusha tena, kisha vusha cha chini juu ya cha juu kwenye misumari yote. Mahali pa kuvuka mwanya kaza uzi kidogo, vinginevyo patajitokeza ngazi ya matundu pembeni mwa kofia.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na mzingo wa karibu sentimita 33 hadi 35, na kofia inapaswa kuwa ndogo kidogo ili ishike. Anza kwa kujaribu misumari 18 kila upande, jumla 36, upime mzingo wa sampuli. Kwa njiti punguza misumari kufuatana na kipimo cha muuguzi. Fuma mpaka urefu ufike kama sentimita 15, ambao unatosha kukunja pindo dogo juu ya paji la uso. Kisha kata uzi ukiacha mkia mrefu, utie kwenye sindano kubwa, upitishe ndani ya kila kitanzi ukikitoa kwenye msumari, vuta mpaka juu pafungane, ushone mara kadhaa na ufiche mkia.

Usiweke kifungo, shanga wala kamba ya kufunga kidevuni. Kagua ndani kwa kidole: uzi mrefu uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Tumia uzi mpya ulio laini, ufue kofia kabla ya kuitoa, na kama unawapelekea watoto wa wodini, iwe hospitali ya Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, kaongee kwanza na muuguzi wa zamu ujue wanahitaji ukubwa gani. Mchana wa jua kali mtoto mwenye afya avuliwe kofia. Akiwa amelala, blanketi liishie kifuani, lisifike usoni.

Kufua na kuuza

Akriliki fua kwa maji ya kawaida, usipige pasi ya moto. Sufu fua kwa maji baridi bila kusugua wala kupinda. Ikisuguliwa kwenye maji ya moto hushikana na kusinyaa, na hakuna cha kuirudisha. Vyote vikaushe vikiwa vimelazwa, kwa sababu blanketi zito likitundikwa kwenye kamba likiwa na maji hurefuka upande mmoja.

Ukitaka kuuza, soko liko miezi ya baridi, kwa hiyo fuma kuanzia masika. Kikundi cha wanawake au vijana kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka halmashauri, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila ushauri wangu ni mkweli: usikope kwa ajili ya fremu. Kopa kwa ajili ya uzi, na baada ya kujua blanketi moja linakula gramu ngapi na saa ngapi za kazi yako. Bei isiyohesabu saa zako itakufanya uwe unagawa blanketi. Kwa kazi ya oda chukua malipo ya awali yanayotosha kununua uzi wote wa rangi aliyochagua mteja, na uununue wote siku moja, kwa sababu rangi ya shehena itakayofuata dukani hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo inaonekana waziwazi juani.